Plastiki ya Sileji Haiuzwi

Marafiki, leo nimegundua watu wangu wanajiandaa kunizika.

Mnunuzi wa plastiki kuukuu alifika kutoka Bungoma. Nikamwambia achukue ile tuliyotoa kwenye marobota ya sileji, yale majani ya ng'ombe tunayoyavundika.

Mke wangu akaruka. "Hiyo haiuzwi, Baba Nafula!"

"Kwani ni ya nini?"

"Si ni ya kufunika watu wa matanga wasinyeshewe."

"Matanga ya nani?"

Akageuka, akaangalia ng'ombe.

Jamani! Majibu ya daktari wa Kitale niliyaficha, nikasema ni uchovu wa uzee tu. Kumbe wanajua, na plastiki wameshaiosha!

Nikaketi juu ya robota.

Mngekuwa ninyi mngesema nini?

Mimi nilimwambia mke wangu atenge zenye matundu, hizo ndizo ziuzwe.