Tunatafuta Wakili, Hatutafuti Mkwe

Mtu akimsikia Glenys Hardcastle anavyofoka, atadhani kuna ugomvi. Hakuna. Ndivyo anavyoomba chai. Mimi ni karani katika ofisi yetu ya mawakili hapa Leeds. Ndimi ninayempangia kesi, na ndimi ninayelaumiwa treni ikichelewa. Kanitesa miaka na miaka, na nampenda vivyo hivyo.

Kazi asiyomwachia mtu ni ya kuchagua wanagenzi. Kila mwaka tunachukua mmoja tu, afuatane na wakili mzoefu hadi aive kikazi, ndipo avae wigi na kusimama mwenyewe mbele ya jaji. Maombi humiminika kama mvua. Glenys hutaka majina na shule vifutwe kabla hayajasomwa.

"Tunatafuta wakili," husema, "hatutafuti mkwe."

Mwaka mmoja aliingia kwenye usaili Shannon Ogden, binti wa wakaanga samaki wa Barnsley. Alikwisha kukataliwa kila mahali, na asingepata safari hii, mafunzo yake ya uwakili yangepitwa na muda, basi tena. Maswali aliyajibu moto moto. Kisha, akiaga, akanyoosha mkono.

Sasa, mawakili wa kwetu hawapeani mikono wao kwa wao. Ni mila ya zamani, na hakuna anayeitangaza. Rupert Lascelles, wakili mkongwe aliyekuwa akisaili pamoja na Glenys, aliutazama ule mkono kama kaletewa samaki wa juzi. Binti wa watu akaiva uso. Nilimwonea huruma hata nikasahau trei ya chai mkononi. Glenys akaudaka mkono, akautikisa.

Mlango ulipofungwa, Rupert akaanza. "Huyu hapana. Hajui desturi."

"Angezijulia wapi, mzee wangu? Kwenye kikaango?"

"Mtu hulelewa, Glenys."

"Wewe ulilelewa vizuri mno, na juzi umeshindwa kesi ya mbwa!"

Nikajifanya natafuta sukari.

"Wote tumewauliza maswali yale yale," Glenys akaendelea, "na aliyewapita wote ni yeye. Unataka kumkata? Haya, andika sababu yako hapa, niwasomee wenzetu wote kwa sauti."

Rupert akashika kalamu. Akaizungusha. Akaiweka mezani, akaomba biskuti.

Siku ya majibu ilipofika, Glenys alimpigia Shannon simu mbele yangu, akaweka spika nami nisikie. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichachatika.

"Shannon, nafasi ni yako. Unaitaka?"

"Samahani, Bi Hardcastle, nadhani umekosea namba. Ulikuwa unamtafuta nani?"

"Wewe, mwanangu. Sijakosea."

Tukamsikia akipiga ukelele, "Mama! Zima jiko! Wamenichukua!"

Kule jikoni kwao kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo. Kisha mtu akaanza kulia kwa kwikwi, wala hakuwa Shannon.