Mama Kulwa amenisaidia kung'oa

Kosa la wengi wetu huku Mwanza ni kudhani kila jani lililo ziwani ni magugu maji.

Leo asubuhi limenikuta.

Majani tuliyopanda kwenye maji ya ufukoni, vifaranga vya samaki vipate pa kujificha na mvua kali za siku hizi zisitumegee ufuko, nimeyakuta yamelundikwa nchi kavu.

Pembeni yuko jirani yangu Mama Kulwa, kanga imelowa hadi kiunoni, anatabasamu.

"Mwalimu, nimekusaidia! Magugu yalikuwa yanarudi!"

Ningemgombezaje? Miaka ya tisini, magugu yalipotufungia ziwa hata mitumbwi ikashindwa kutoka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia majini kuyavuta.

Basi nikaanza kueleza. Mnanijua.

Kwamba magugu maji huelea, mizizi inaning'inia tu. Haya yetu huota chini, kwenye tope. Nikahamia kwenye chakula cha samaki kama sato...

Akanikatiza: "Mwalimu, jua hilo linawaka! Utafundisha mpaka yakauke?"

Nimecheka hadi wavuvi wakageuka.

Kweli, mizizi ilikuwa bado mbichi. Mama Kulwa akarudi majini, akawaita na wanawake waliokuwa wakianika dagaa, tukayapanda upya yote. Sasa amejiteua mlinzi. Nawahurumia watakaoyagusa!

Nanyi, nani amewahi kusaidiwa namna hii?

Ukishuka ziwani leo, shika mmea kwanza. Ukiona umeota kwenye tope, uache.