Ngoma Yenye Ilisikia Nyuma ya Kibambazi

Caisse claire haina haya. Ni ile ngoma fupi yenye batteur, mupiga ngoma, anaweka kati ya magoti, na chini yake kunapita nsinga nyembamba za chuma zenye kugusa ngozi. Muntu akiimba pembeni, hata haujaigusa, ile nsinga inatetemeka yenyewe: shaaa, kama mafuta ya moto wakati unatia samaki. Batteur akichoka nayo, anashusha kachuma ka pembeni, nsinga inaachana na ngozi, ngoma inanyamaza. Ile yangu nilipata kwa mutoto wa muzungu mwenye alikuwa anahama. Nilimupa kinga yangu, baiskeli, nikarudia kwa miguu. Ilikuwa inaitika muntu mumoja tu.

Huyo muntu njo alikuwa muimbaji wetu. Mutoto wa Kasai, jirani yetu, alisoma mbali kunipita. Miye masomo iliniacha ku primaire. Sauti yake ilikuwa nzito kupita mwili yake. Kulikuwa fasi moja mu wimbo, pale alivuta pumuzi kidogo halafu anashuka chini kabisa, na kila mara caisse yangu ilimujibu: shaaa. Benzetu banacheka.

« Ee batteur, ngoma yako inamupenda! »

« Alete mahari. Muzazi wake ni miye. »

Tulikuwa bane. Tulipiga roki na jerk mu mabar ya mitaa yetu, Kenya na Katuba, na pantalo za pattes d'éléphant, za kupanuka chini, zenye tata, baba yangu, alitushonea. Tata alikuwa mushoni, mwislamu wa Maniema. Tukianza repetition, mazoezi yetu, mu lupango ya nyumba, alikuwa anatoa kichwa ku dirisha: « Mwanangu, ile sufuria ilikukosea nini? » Lakini pantalo alishona, na alizipiga pasi yeye mwenyewe.

Kisha ikakuya maneno ya Raisi ya kukataa bintu bya bazungu. Roki ikakuwa kosa. Muimbaji akatunga wimbo mu Kiswahili yetu, ya ba tata benye kuingia ku usine, ku kazi ya mashini, wakati sirene inalia, na kutoka wakati inalia tena, na kati ya ile milio mbili batoto yabo banakomaa bila kubaona. Njo yote. Hakukuwa matusi ndani.

Majina ya benye kosa sitaandika, nina batoto. Lakini kazi yabo naandika, na milango yabo. Wa kwanza ni bassiste wetu, mupiga gitare ya besi, alilala ku kitanda yangu na alikula ku sahani ya mama yangu. Alitaka kukuwa chef d'orchestre, mukubwa wa bendi, basi alipeleka ule wimbo kwa mukubwa wa animation, ile michezo ya kusifu Parti, na njiani akauongezea chumvi. Wa pili ni ule mukubwa wa animation. Leo anakaa Golf, mutaa ya batajiri, mu nyumba ya portail ya bleu, na mbwa yake inakula nyama.

Balikuya kwa muimbaji saa ya alasiri, tata yangu iko ku muswala. Bantu babili mu motokari nyeupe. Mumoja alisema na heshima yote: « Kijana, tunakuomba kidogo tu. Utarudi kula. » Mama yake alikuwa anasonga bukari, ugali. Alifunika sahani yake. Mutoto hakurudi kuifunua.

Na siye tuliobaki, balituingiza mu animation. Mwenye hakuona ile miaka hawezi kujua: kila fasi ya kazi ilikuwa na kikundi ya kuimbia Parti na kuchezea Raisi, na bamama ba bafanyakazi balilazimishwa kucheza. Mama ya muimbaji pia, na pagne yenye sura ya Raisi ku tumbo. Unacheza, ama bwana yako anapoteza kazi.

Salle yetu ya mazoezi ilikuwa inagusana mugongo na nyumba moja yenye madirisha yake balijenga na matofali. Hakukuwa kibao ku mulango. Bantu balikuwa banavuka avenue kusudi baipite mbali, na muntu hakukuuliza mwenzake juu ya nini. Bikundi bingine byote byalifanya repetition magaribi, wakati jua inapoa. Siye tu njo tulifanya muchana katikati, na bati inachemka yulu ya vichwa.

Mukubwa wa animation alikuwa na fimbo na saa ya zahabu. Tulikuwa tunapiga pole, tunacheka. Halafu mu kibambazi, ule ukuta ya nyuma, kunagongwa: ko, ko. Palepale anasimama.

« Batteur, nguvu! Parti haina masikio ya panya! Nguvu! »

Na miye ninapiga nguvu. Nilifikiri muntu anagonga sababu ya kelele yetu, na mukubwa anamufanyia kiburi. Nilicheka hata.

Siku moja alitoka kuvuta sigara. Bamama balikuwa banakunywa mayi, gitare zimelala. Na caisse ikasema: shaaa.

Niliangalia inje, labda lori inapita. Hakuna lori. Niliangalia bamama, hakuna mwenye kuimba. Nikatia kiganja ku ngozi. Ilikuwa inatetemeka, inaacha, inatetemeka tena. Vidole byangu byenyewe byalianza kufuata. Kisha ikanyamaza kidogo, ile pumuzi, halafu ikashuka chini kabisa. Ile pumuzi niliijua. Nilikuwa ninaipigia miaka yote.

Mama yake, kila siku, alipeleka sufuria ya chakula ku mulango ya ile nyumba. Mulinzi alimurudisha kila siku: « Mama, hapa ni depo ya makaratasi. Karatasi haikule bukari. » Nilimuita mama pembeni.

« Mama, leta mukono. »

« Usinichezee, papa. Miye niko mama ya muntu. »

« Leta tu. »

Alitia mukono ku ngozi ya caisse, akafunga macho. Bamama bengine balifikiri ninamufundisha ngoma, balituchekelea: « Mama na uzee anataka roki sasa! » Alikaa hivi mpaka niliogopa.

« Ni yeye, » alisema. « Iko na kiu. Akiwa na kiu anakuwaka hivi, tangu utoto, sauti inakwama mbele ya kushuka. »

Kesho yake mu kibambazi kukagongwa. Ko, ko. Mukubwa akasimama, akanyanyua fimbo: « Batteur, nguvu! » Mbele nishushe mikono, mama akatoka mu mustari. Akageukia kibambazi ya nyuma na kuanza kuimba, Kiluba ya Kasai, wimbo ya kulalisha mutoto. Aliimba pole, kama mutoto iko ku mugongo.

Alinyamaza. Caisse ikajibu: shaaa.

Mara hii bote balisikia. Bamama baliacha kucheza, mumoja nyuma ya mwingine. Aliimba tena, na caisse ikajibu tena, na nyuma ya kibambazi kitu kizito kikaanguka.

« Batteur, piga! Piga, ninakuambia! »

Njo pale nilielewa kazi yangu. Hatukukuwa orchestre, hatukukuwa hata animation. Tulikuwa kibambazi ya pili, kelele ya kufunika kilio ya ile nyumba. Niliweka baguettes, vijiti vya ngoma, chini, pole, kusudi zisilie.

Mukubwa alinipiga na ile fimbo ku mukono. Vidole bibili habikunjiki mpaka leo, kikombe nashika na bile bingine. Na wakati damu inanitoka, bassiste wetu alikuya, akaokota baguettes zangu, akakaa ku kiti yangu, akapiga. Alipiga vibaya, anatangulia mesire ya wimbo, kama muntu anatwanga mahindi. Lakini alipiga nguvu. Alipiga mpaka mukubwa alimuambia basi.

Balinifukuza. Batterie, ngoma zingine zote, balibakisha, caisse nilitoka nayo ku kwapa, hakuna mwenye alinizuia.

Kesho yake mulinzi alipokea sufuria. Alinyoosha tu mukono. Mama alikuya kwetu mbio, kiatu kimoja: « Bamepokea! » Sufuria ilirudia tupu, na siku yenye kufuata tena tupu, na alianza kutia samaki, alianza kutia pilipili yenye mutoto alipenda.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa na mukono yangu ya bandeji. Tata alisimamisha mashini, alikuwa anaswali. Caisse ilikuwa ku etagere, ile mbao ya kuwekea vitambaa, kachuma nilikashusha miye mwenyewe, nsinga haigusi ngozi. Tulikuwa mbali na ile nyumba, ma avenue na ma avenue. Ikasema: shaaa. Pumuzi. Ikashuka, ikashuka, na haikupanda tena.

Tata hakukata swala. Alipotoa salamu, kuume na kushoto, aliuliza bila kugeuka: « Nani ameingia? »

« Hakuna muntu, tata. »

Aliangalia etagere.

« Hata hivyo, mupe kiti. »

Niliweka kiti. Haikupita wakati, mama ya muimbaji aliingia na sufuria. Ilikuwa nzito, ya baridi, kitambaa kimefungwa vilevile alikifunga asubuhi. Aliona kile kiti, hakukikalia.

« Ngoma ilisema? »

« Ilisema, mama. »

Alikaa chini, akafungua sufuria, akatugawia. Tulikula yote, hata tata.

Mama ya muimbaji amekufa, yeye pia. Mwili ya mutoto yake hawakumupa.

Mwaka huu shemeji yangu alioa, na walikodi ile salle ya animation. Wameipaka rangi, ile nyumba ya nyuma ni duka ya vitambaa. Nani alikuwa anapiga? Bassiste wetu na orchestre yake, tumbo mbele, miwani nyeusi. Katikati ya ndoa walipumzika. Nikasikia: shaaa. Batteur wake alishusha kachuma. Shaaa.

« Funga ile kitu! » bassiste alisema.

« Nimeifunga, patron. »

Bassiste akazungusha macho mu salle. Akaniona. Akashika gitare haraka: « Tunaanza! Batteur, nguvu! »

Niliinuka ku meza, na ile mukono yangu ya vidole byenye habikunjiki nikashika baguettes za ule batteur mbele azishushe.

« Ngoja kidogo, » nilimuambia. « Anaimba. Muache amalize. »