Kinanda kitamsubiri Severini

IFAKARA, Agosti 1998. Saa moja na nusu asubuhi, Severini Mponda ameinama akikagua mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga. Ghafla kidude cheusi, kikubwa kama kifungo cha koti, kinachomoka nyuma ya sikio lake na kunata kwenye chuma cha mashine.

"Imeniibia tena sikio!" anapaza sauti. Akina mama waliokuja na magunia yao kutoka Namawala wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Anakibandua, anakifuta pumba kwa pindo la shati na kukirudisha. Kidude kina sumaku. Waya wake unashuka hadi kwenye kisanduku kilicho mfukoni mwa shati, na ndani ya kichwa, chini ya ngozi, iko sumaku nyingine pamoja na uzi wa waya ulioingizwa katika sikio. Bila vitu hivyo, Severini hasikii hata injini ya dizeli iliyo hatua mbili kutoka aliposimama.

Ana miaka 44. Mwaka 1990 homa ya uti wa mgongo ilimlaza wiki tatu, akaamka kiziwi. Kazi hakuiacha. Kwa miaka sita aliendesha mashine akiwa ameweka kiganja juu ya bati lake.

"Mchele ukianza kukatika chenga, mkono unajua kabla ya macho," anasema, bila kujidai hata kidogo. Au tuseme anajidai kidogo.

Mwaka 1996 wamisionari walimlipia upasuaji Ujerumani. Leo anasikia watu wakizungumza, ingawa betri zinamlia karibu theluthi ya mshahara. Kitu kimoja kiligoma kurudi, nacho ni muziki.

Kwake hilo si jambo dogo. Kabla ya kuugua alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya parokia, na wanaomkumbuka wanasema hajapatikana wa kuvaa viatu vyake. Pasaka ya mwaka huu alirudishwa kwenye ngoma yake, akitegemea orodha ya nyimbo. Bahati mbaya, nyimbo zikapanguliwa dakika za mwisho. Kinanda kikaanzisha wimbo wa sadaka, Severini akaupigia ngoma ya wimbo wa kutokea. Kanisa zima likageuka kumtazama.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema mkewe, Merina, mwimbaji wa sauti ya kwanza.

Tangu siku hiyo ngoma ikawa mikononi mwa mwingine, na swali likabaki kama Severini ataigusa tena.

Ndipo mwezi Juni akafika Verediana, binti wa Mahenge anayesomea shahada ya pili Ujerumani. Utafiti wake unahusu namna watu wenye kifaa kama cha Severini wanavyousikia muziki. Ana watu tisa. Wanane wako kule kule Ujerumani, wa tisa ni huyu wa mashineni.

"Shikamoo, baba," alimwamkia, akafungua kinanda kidogo cha betri. Akampigia nyimbo kumi na mbili ambazo kwaya imeziimba miaka yote. Severini akautambua mmoja tu.

Habari zikamfikia mwalimu wa kwaya, Fulgensi, naye akaona shauri limekwisha. "Nilisema, sasa hata msomi amepima," anakumbuka, akijikuna kichwa.

Severini hakukubali. Verediana, kama alivyofundishwa chuoni, alikuwa amezipa sauti zote za kila wimbo urefu ule ule, ili apime kupanda na kushuka kwake tu.

"Nikamwambia, mwanangu, hapa unanihesabia magunia. Moja, mbili, tatu, nne. Wimbo uko wapi?"

Akamsogezea debe tupu na kumtaka apige maneno ya wimbo, silabi kwa silabi, asiguse kinanda kabisa. Verediana akapiga. Akapiga nyimbo zote kumi na mbili, na Severini akataja kumi na moja. Ule mmoja aliuchanganya na mwenzake wenye mapigo yale yale, na hapo, kusema kweli, hata mimi ningekosa.

"Niliona haya," anasema Verediana. "Nimekulia kwenye nyimbo hizi, halafu nikaja nimeziondolea mwendo wake. Nimewaandikia wenzangu kule, wale wanane tuwapime upya."

Sasa Fulgensi ilibidi ashawishike kwa macho yake. Kwenye mazoezi ya Jumamosi iliyopita alipangua nyimbo makusudi, bila kumwambia mtu, akawa anagonga mapigo ya maneno ya kwanza kwa kijiti kwenye benchi. Severini akadaka mara tano kati ya tano. Ngoma ikatangulia, kinanda kikafuata, kwaya ikaingia.

"Nimemkosea mzee huyu," Fulgensi anasema. "Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ngoma ni yake."

Nilimuuliza Severini kama anasikitika kwamba huenda asiusikie tena wimbo kama zamani.

"Nasikitika, kwa nini nikudanganye? Merina akiimba, kwangu ni kama mkanda wa mashine uliokauka. Usimwambie." Mkewe amekaa hatua moja kutoka kwetu, anamfinya bega. "Lakini yeye tangu usichana huvuta pumzi akiwa amechelewa, wenzake wameshaanza. Ile pumzi naisikia. Katika waimbaji thelathini, najua huyu ni Merina."

Merina anageukia magunia, anajifanya kuyapanga.

Jumamosi ijayo ndiyo sikukuu. Severini amepanga kuifunga mashine tangu Ijumaa mchana ili avute ngozi ya ngoma juani, na ametenga betri mbili mpya ambazo hataki mtu aziguse.

"Pasaka nilisimama pale nikisubiri kinanda kiniambie nianze," anasema, huku akishika swichi ya kisanduku chake. "Safari hii kitanisubiri mimi."