Uwanja Tuliouchagua Kitengela

Mwishoni mwa miaka ya tisini, chifu wa Kitengela aliita baraza tuchague ardhi ya umma ya kujengwa bwawa la kuogelea. Watoto wetu walikuwa wakiogelea kwenye machimbo ya mawe, na wawili walikuwa wamezama. Diwani alitaka bwawa liwekwe nyuma ya kichinjio, kwenye mtaro wa damu. Mimi nilitaja uwanja ulio kando ya shule ya msingi niliyofundisha.

“Mwalimu, wewe ni mpangaji,” diwani akasema. “Uko na shamba gani hapa? Keti chini.”

Sikuketi. “Sina shamba. Huo uwanja ni wa umma, na mimi ni umma.”

Mama mmoja wa Kimaasai, ambaye mwanawe alizama, akaja kusimama kando yangu. Wanawake wengine wakasimama pia, na chifu akaandika uwanja wa shule.

Bwawa halikujengwa miaka yote niliyoishi pale. Lakini mara mbili watu wa diwani walipiga vigingi vya kujikatia ploti kwenye ule uwanja, na mara mbili tuliving'oa, mchana kweupe, wakitutazama.