Milioni ya Njia ya Pickering

Mwaka 2010, kila Jumamosi asubuhi, Januari aligeuka tajiri kwa muda wa safari moja. Utajiri ulimkuta katika kiti cha mbele cha gari la Mzee Rahemtulla, mara tu walipoyaacha maghorofa ya St. James Town, kule Kanada, na kuishika barabara kuu ya kwenda Pickering. Mzee Rahemtulla alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye tangazo, kisha akasema, "Haya. Milioni imeshuka."

Huo ulikuwa mchezo wao. Dola milioni moja imewaangukia kutoka mbinguni. Haina mwenyewe, haina kodi, na lazima iishe yote kabla ya kufika uwanja wa kulenga shabaha. Tena iishe kwa bunduki tu. Kiwanja cha Bunju hakiruhusiwi. Ada ya mtoto wa shemeji hairuhusiwi. Bati za nyumba ya bibi, mtaji wa binamu, mchango wa harusi, matibabu ya baba mdogo, vyote ni marufuku. Anayetaja nyumbani ameshindwa, na atawanunulia wenzake kahawa na donati.

Masharti hayo yalitungwa na Mzee Rahemtulla mwenyewe, kwa uzoefu. Alizaliwa Moshi, katika duka la vitambaa la baba yake, akaja Kanada akiwa kijana, na sasa alikuwa na duka la miwani Mississauga. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mtu wa Afrika Mashariki akipewa fedha, hata katika ndoto, bila kuona nyuma yake foleni ya ndugu.

Januari, kwa mfano, hakuwa ameshinda hata mara moja. Alikuwa fundi lifti, mtu mwangalifu, mwenye kupima mara mbili kabla ya kukaza skrubu moja, lakini milioni ikishuka alikuwa hajiwezi. Kuna Jumamosi alianza vizuri, akanunua bunduki za mitutu miwili kama anayenunua nyanya, na alipofika ya nne akasema hiyo anaweza kuiuza wachimbe kisima Nachingwea. Wiki iliyofuata alinunua gobore moja tu, kwa kumbukumbu ya babu yake aliyelitumia kufukuza nguruwe kwenye shamba la mihogo, kisha akanunua na bati.

"Gobore haliwezi kunyeshewa," alijitetea.

"Kahawa yangu iwe na maziwa," alisema Mzee Rahemtulla.

Jambo moja tu liliitia doa furaha hii. Tajiri huyo hakuwa na bunduki. Alipiga kwa kuazima bunduki ya marisau ya Mzee Rahemtulla, naye mwenye leseni akiwa amesimama kando yake. Leseni yake mwenyewe ilikuwa imebaki hatua moja. Kozi ya usalama alikwisha kuifaulu, picha alikwisha kupiga. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya mwenzi wa ndoa, ili serikali ijue kwamba mke anafahamu na hana pingamizi. Fomu ilikaa kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la tembo, tangu Pasaka. Mke, yaani Leokadia, aliipita kila siku akienda kuchukua maziwa.

Leokadia alikuwa nesi katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa mgomvi. Alisema tu, "Baba Tumsifu, watu wa mji huu wanafunga milango wakisikia mlio wa bunduki. Wewe unataka kuikaribisha ghorofani, uiandalie na kitanda." Na mtoto wao Tumsifu, ambaye aliulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, alisema yeye angependelea mbwa.

Kisha Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, akiwa anakunja nguo, Leokadia alisema, "Kesho nakuja na nyinyi. Nataka kuwaona hao watu na hizo bunduki. Nikirudi nitakwambia kama naweka sahihi ama naitupa hiyo karatasi."

Januari alitoka hadi kwenye ngazi na kupiga simu.

"Mzee, shikamoo. Kesho milioni isishuke."

"Marahaba. Kwa nini isishuke? Ina miguu yake."

"Mama Tumsifu anakuja. Akisikia mtu mzima anajinunulia bunduki za kujaza lori, nimekwisha. Leseni siioni tena."

"Nimekuelewa, kijana wangu," alisema Mzee Rahemtulla kwa huzuni ya kweli. "Kesho sisi ni maskini."

Asubuhi Tumsifu aliachwa kwa jirani yao Faudhia, na Leokadia akaingia kiti cha nyuma, pembeni ya Nurjehan, mke wa Mzee Rahemtulla, ambaye siku zote alisafiri na chupa ya chai na bakuli la katlesi magotini. Wanawake wakaamkiana, wakaulizana habari za miguu na za baridi. Mbele kulikuwa kimya kama msibani. Mzee Rahemtulla aliushika usukani kwa mikono miwili. Walipokaribia Scarborough alikohoa. Januari akamtazama. Mzee akageuza kikohozi kuwa chafya.

Bahati mbaya hakuna aliyekuwa amemwambia Nurjehan.

"Wewe unaumwa?" alimwuliza mumewe. "Mbona leo milioni haishuki?"

"Milioni gani?" aliuliza Leokadia.

Januari aliangalia dirishani, akatamani kuwa mmoja wa watu waliokuwa wakisubiri basi kule nje. Nurjehan alieleza yote, masharti, marufuku na donati, na alipomaliza, Mzee Rahemtulla alikuwa amevimba kwa maneno kama mkate ndani ya oveni.

"Basi kwa kuwa imeshatajwa," alisema, na akafumuka.

Alinunua bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili, ya kupimiwa kama suti. "Unakwenda London kwa miguu yako, mama Tumsifu. Wanakupima bega, wanakupima mkono, wanatazama hata unavyofumba jicho. Halafu unasubiri miaka, na ukifa wanampimia mwanao. Kitako kinatoka katika mzizi wa mti wa jozi, ukikitazama unaona mawingu. Na hapa kwenye chuma nawaambia wanichoree Kilimanjaro. Kibo upande huu, Mawenzi upande ule."

"Kilimanjaro ni nyumbani," alisema Nurjehan. "Umeshindwa."

"Kilimanjaro ni picha."

"Picha ya wapi?"

"Ya kwenye kalenda. Usinivuruge, bado nanunua. Bunduki hizi huuzwa pacha. Moja ikipumzika, mwenzake ananguruma."

Nurjehan alinunua bunduki ndogo ya kike, nyepesi, yenye lulu kwenye kitako, ya kufanana na hereni zake, na mtu wa kumbebea. Akaambiwa mtu si bunduki. Akamrudisha mtu, akachukua mkanda wa ngozi wa kuning'inizia begani, huku akilalamika kwamba dukani kwao wateja hawatendewi hivyo.

"Zamu yako, Januari," alisema Mzee Rahemtulla, bila kumtazama.

Januari alijiweka sawa kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. "Mimi moja inanitosha. Ya mtumba."

Gari lilipunguza mwendo.

"Milioni ya dola," alisema Mzee Rahemtulla taratibu. "Ya mtumba."

"Ndiyo. Na chenji nairudisha."

"Unairudisha kwa nani? Mbinguni kuna kaunta?"

Leokadia aliinamia mbele, akaweka mkono kwenye bega la mumewe. "Baba Tumsifu, hapa nimekuja kukusikiliza wewe. Mchungaji nitamsikia kesho. Sema kama unavyosema kila wiki."

Januari alimtazama kwenye kioo. Hakuona hasira usoni mwake. Akavuta pumzi, na lile dude alilokuwa amelifunga tangu jana likakata kamba.

Alinunua bunduki ya mtutu mmoja ya asubuhi zenye umande, na ya mitutu miwili ya bata, na ya Kiitaliano yenye mtutu juu ya mtutu, kwa sababu visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kuwa shabaha navyo vinastahili heshima. Akanunua raifa, bunduki ya shabaha za mbali sana, ambayo ukishapiga unapanda basi kwenda kuangalia kama umelenga. Akanunua moja yenye vumbi iliyokuwa imelala katika jumba la makumbusho, akawaachia na bakshishi. Akanunua magobore, mengi, ukuta mzima wa magobore.

"Ukuta upi?" aliuliza Leokadia.

"Wa sebuleni."

"Penye picha ya harusi?"

"Picha ya harusi tunaiweka katikati, magobore yanaizunguka kama miale ya jua." Januari sasa alikuwa amegeuka nyuma kabisa, mkanda wa kiti ukimkaba shingo, macho yakimwaka. "Halafu gobore moja nampelekea mjomba, afukuze wale nguruwe. Maana nguruwe wakiondoka muhogo utakuwa mwingi, hawataweza kuutwanga kwa mikono, itabidi wapate mashine ya kusaga, na mashine haiwezi kukaa nje, kwa hiyo banda, na ukishajenga banda..."

Alisikia maneno yake mwenyewe. Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kahawa," alisema Mzee Rahemtulla.

"Na donati ya chokoleti," alisema Nurjehan.

Leokadia alikuwa ameficha uso kwenye mtandio, mabega yakimtikisika. Alipoinuka alikuwa na machozi ya kicheko, akayafuta kwa kidole. "Sasa zamu yangu," alisema.

Hakuna aliyetarajia kitu. Huyu alikuwa mwanamke ambaye simu yake haikulala bila mtu wa Bukoba kuhitaji kiatu, daftari, au nauli ya kwenda hospitali, naye hakumkatalia mtu.

"Zile za London," alianza kwa utulivu wa mtu aliye sokoni na kikapu chake, "nachukua tatu."

"Huuzwa pacha, mama," alisema Mzee Rahemtulla.

"Basi nne. Sipendi mmoja akae mpweke. Na zisichorwe kitu, zing'ae tu, mtu akinitazama ajione mwenyewe. Na ile ya Kiitaliano ya baba Tumsifu naichukua pia, yeye amekwisha kushindwa."

Mzee Rahemtulla alitabasamu na kuanza kutega. "Na shangazi yako Clementina, aliyekusomesha?"

"Shangazi hana leseni."

"Mdogo wako Adelina anaolewa."

"Namtakia kila la heri. Niongezee ile raifa ya kupandia basi."

"Kanisa la kwenu linavuja, mama Tumsifu. Wazee wanalowana."

"Wasogee mbele, mbele hakuvuji."

Nurjehan alipiga makofi hadi katlesi zikaruka bakulini. Januari alimtazama mkewe kana kwamba ni mgeni aliyepanda gari hilo njiani. Kwa miaka aliyomjua hakuwahi kumwona hivi, amekaa wima, kidevu juu, mchoyo bila aibu, uso uking'ara kama wa msichana aliyetoroka shule.

"Na chenji?" aliuliza Mzee Rahemtulla kwa sauti ya mwisho ya mtu anayezama.

"Hakuna chenji. Iliyobaki yote nimenunulia risasi."

Gari lilikata kona kuingia uwanjani. Milioni ilikuwa imeisha, na hakuna ndugu hata mmoja aliyenufaika.

Kule uwanjani, Mzee Rahemtulla alimvalisha Leokadia vizuia sauti vya masikioni, akamwonyesha jinsi ya kukibana kitako begani, akasimama ubavuni mwake. Kisahani cha kwanza kiliruka hewani, kikaenda zake salama. Cha pili nacho kikaenda. Leokadia alirudi nyuma hatua moja kwa kishindo, akasugua bega, akasema, "Tena." Baada ya vingine vingi kuruka bila kuguswa, kimoja kilipasuka kikawa vumbi la rangi ya machungwa juu ya miti, na Leokadia akageuka kuwatazama wote, mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba wameona.

Wakaketi kantini ya klabu. Januari alilipa kahawa na donati, kama kawaida. Mkewe akafungua mkoba, akatoa fomu, ile ile, yenye alama ya sumaku ya tembo kwenye kona, akaiweka mezani. Januari aliacha kutafuna.

"Nilikuja nimeamua kukataa," alisema Leokadia. "Nilidhani bunduki itanichukulia mume wangu, iniachie mtu mwingine ndani ya nyumba. Kumbe hata mbingu zikikumwagia milioni, unaishia kumjengea mjomba banda la mashine." Akatoa kalamu na kuweka sahihi, bila haraka, sahihi yake kamili yenye mkia.

Januari alifungua mdomo kushukuru, lakini Leokadia hakuwa amemaliza. Alikuwa amesimama na kwenda kwenye dawati la klabu, akarudi na fomu nyingine, mpya. Akaigeuza upande wa mwenzi wa ndoa, akaisukuma mbele ya mumewe pamoja na kalamu.

"Kozi naanza mwezi ujao," alisema. "Sheria inasema mwenzi ajulishwe. Nakujulisha."

Januari aliishika kalamu, na kwa mara ya kwanza akajua uzito wake. "Mama Tumsifu, nawe ukiwa na bunduki utakuwa mtu wa namna gani?"

"Umenisikia garini. Mbaya kabisa."

"Na shangazi Clementina?"

"Shangazi atatumiwa fedha kesho, kama kawaida. Leo ni Jumamosi."

Mzee Rahemtulla alikohoa ndani ya kikombe. Januari akaweka sahihi.

Masika yaliyofuata, Januari alipandisha kabati la chuma hadi ghorofani kwa lifti aliyoitengeneza mwenyewe wiki hiyo, ili isije ikamwaibisha. Kabati lipo hadi leo, limefungwa vizuri, na juu yake imekaa picha ya harusi. Ndani mna bunduki moja tu, ya mtumba, ambayo kila Jumamosi wanaigombea kabla ya kutoka. Leokadia hushinda. Januari hununua kahawa.