Chakula Ambacho Mama Heri Hakuonja

Mnanisumbua. Tangu msimu wa mupunga mnanifuata, mama andika, mama andika, kana kwamba mkono huu ulizaliwa ukishika kalamu. Mimi nilifundishwa herufi kwa fimbo na nikaacha shule kabla ya kufika zile za mwisho, na mpaka leo sijaona zilizonipungukia. Basi nitaandika habari ya Marie-Louise wa Wamaza mara moja tu. Aliyezoea kuambiwa jambo mara mbili aende kwingine.

Marie-Louise huyo hakumwamini mtu. Sufuria yake aliifunga kamba ya mgomba juu ya kifuniko, fundo analolijua mwenyewe, na akirudi kutoka shambani alilitazama fundo kabla ya kusalimia watu. Kwenye matanga alikula ndizi tu, kwa sababu ndizi imefungwa na Mungu. Kwenye harusi alisema tumbo linamuuma. Ukimuuliza ameamkaje, naye alitaka kujua kwa nini unauliza. Lakini dada yake mkubwa alipokufa na kumwacha mume wake, Zéphirin, pamoja na watoto wawili, Nadine na Fabrice, ni yeye aliyebeba vyombo vyake akahamia katika ua ule. Hakuombwa. Alisema anaenda kwa sababu hajui watoto wa dada yake wanalishwa nini, na nani. Wakakua mikononi mwake, wakimwita mama mudogo. Na Zéphirin, shemeji yake, aliizoea ile kamba, akawa anaomba chakula chake kwa kusema, "Shemeji, nifungulie gereza."

Sasa sikilizeni. Ulikuwa mwezi wa Ramazani na mupunga umeiva. Jirani yao, Mama Heri, mjane Mwislamu, mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, hawezi kusimama shambani, na ndege hawakuwa wakimngojea apone. Zéphirin, ambaye yeye ni mtu wa misa, alichukua kisu chake akaenda kumkatia mupunga. Hiyo si ajabu kwetu. Na mtu akifanya kazi kwako harudi nyumbani na njaa, hata kama wewe mwenyewe umefunga. Basi Mama Heri akapika wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, yenye samaki mkavu, akampelekea adhuhuri pembeni ya shamba, katika bakuli la bati lenye maua ya buluu.

Kwetu anayeleta chakula anaonja kwanza, mbele ya macho ya mlaji. Kidole kimoja tu, roho ya mtu inatulia. Aliyefunga anagusa kwa ncha ya ulimi na kutema, au anamwita mtoto aonje badala yake. Marie-Louise alikuwa anapita njiani na kuni kichwani. Aliona bakuli likiwekwa chini. Aliona Mama Heri akiinama juu yake, akisemeshana kidogo na Zéphirin, kisha akinyanyuka bila kugusa kitu na kwenda zake akichechemea. Aliona shemeji yake akila. Aliliweka jambo lile pale anapoweka mambo yake.

Zéphirin alirudi jua bado liko juu, amebeba bakuli ili Nadine alioshe, na wali kidogo umebaki ndani. Aliinama kuvua viatu vyake. Hakuinuka. Walipomgeuza, mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake, na alipotaka kusema yakatoka maji ya sauti tu, hakuna neno ndani.

Ua ulijaa upesi. Fabrice, kijana mwenye damu ya moto, alisema baba yake amelishwa, na kwetu neno hilo likitamkwa halina haja ya kumalizwa. Macho yote yakamgeukia mama mudogo, kwa kuwa ndiye aliyejua nani amekula nini.

"Hakuonja," akasema Marie-Louise. "Mimi niliona."

Angenyamaza ingekuwa vingine, lakini hakuwa mtu wa kunyamaza jambo aliloliona. Vijana wakaanza kuulizana nani ana mafuta ya taa. Mama Heri mwenyewe alikuja na mguu wake mbaya, akasimama kwenye lango, hakuingia. Alisema alitaka kuonja kwa ncha ya ulimi, Zéphirin ndiye aliyemkataza, alimwambia asiiharibu funga yake kwa ajili ya tumbo la mukristo. Muulizeni mwenyewe, akasema.

"Shahidi wako hana ulimi," Marie-Louise akamjibu. "Ulichagua vizuri."

Mama Heri akageuka na kwenda nyumbani, watu wakimtazama mgongo.

Nadine akakumbuka kwamba kuku alikuwa amedonoa punje zilizoanguka kutoka kwenye bakuli, na kuku yule yule alikuwa anatembea mbele yao na vifaranga vyake. Marie-Louise akasema sumu ya mtu si sumu ya kuku. Akafunika bakuli kwa jani, akalifunga kamba, akaliweka chini ya kitanda chake. Huo ulikuwa ushahidi.

Halafu akatokea Michel, mzee wa dawa, na unga wa kutapisha sumu umefungwa katika jani. Watu wakafurahi, wakampisha. Fabrice alikwishaleta kikombe cha maji. Marie-Louise akasimama katikati ya Michel na mgonjwa.

"Nani alikuita?"

Michel akasema amesikia.

"Umesikia kwa nani? Sisi wenyewe tumesikia sasa hivi. Dawa hii imesagwa, imekauka, imefungwa. Ulijua ataanguka?"

Mzee akasema kwa upole kwamba yeye siku zote ana ya akiba.

"Basi onja."

Akasema haiwezekani, ni dawa kali, ingempasua tumbo mtu mzima wa afya.

"Kumbe tumbo la mgonjwa ndilo la chuma."

Watu wakacheka hata pale penye huzuni, na Michel akafunga jani lake. Tangu hapo Marie-Louise aliketi kwenye mkeka karibu na kichwa cha shemeji yake, akasema hakuna kitu kitakachopita katika kinywa hiki. Si dawa, si maji, si uji. Nadine alikuwa ameshika uji mkononi, akaanza kulia, akauliza, hata mimi, mama mudogo?

"Hata wewe. Uji wako ulikaa jikoni peke yake."

Muuguzi wa kituo cha afya alikuja na chombo chake cha kufunga mkononi. Akasema hii si sumu, ni tansio, damu imepanda mpaka mshipa wa kichwani umeharibika, na hapa Wamaza hana la kufanya. Wampeleke hopitali, upesi. Marie-Louise hakumwamini huyo naye, kwa sababu alikuwa ameonekana akinunua karanga kwa Mama Heri. Lakini neno upesi alilisikia. Njia ya Kabambare ilikuwa imekatwa na mvua. Ilibaki Kasongo, kutwa nzima kwa pikipiki. Pikipiki iliyokuwa inatembea siku ile ilikuwa moja tu, na mwenyewe alikuwa Heri, mwana wa Mama Heri.

Fabrice akasema afadhali baba yake afie kwenye mkeka wake kuliko kubebwa na mwana wa mchawi. Wengi wakaitikia. Marie-Louise akafikiri kwa njia yake. Kama yule mwanamke amemlisha, alifikiri, basi hapa Wamaza hakuna mtu anayeogopa zaidi kufa kwa Zéphirin kuliko mwanawe. Mwingine akitupindua mtoni atalia, ataenda zake. Huyu akitupindua, ua wao unachomwa. Ataendesha kama amebeba mayai. Akasema watu wamlete.

Heri alikuja kulipopambazuka, bila kusalimia, macho yake mekundu. Wakamfunga Zéphirin mgongoni kwake kwa vitenge viwili, na Marie-Louise akapanda nyuma kumshikilia, kikapu begani. Ndani ya kikapu mlikuwa na lile bakuli. Fabrice alimwambia Mama Heri, aliyekuwa amesimama kwenye lango lake, kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima, kwamba habari mbaya ikitoka Kasongo asingojee kuisikia mara mbili.

Marie-Louise naye alikuwa na lake. "Akifia kwenye mugongo wako," akamwambia Heri, "ni wewe utajibu."

"Panda, mama mudogo," akasema Heri. "Utanitukana njiani."

Alimtukana kweli. Alimtukana kwenye matope, kwenye madaraja ya miti, na kwenye milima ambapo walishuka Heri akasukuma huku mgonjwa amefunguliwa vitenge na kulazwa juu ya usukani. Kila aliposimama, aliulizwa anasimamia nini. Alipolowesha kitambaa kijitoni ili amfute Zéphirin midomo, alipigwa mkono. Lakini kilichomsumbua zaidi Marie-Louise ni chupa. Heri alikuwa na chupa ya maji imefungwa kwenye usukani, na jua linachoma, na kutwa nzima hakuigusa. Msafiri anaruhusiwa kunywa, hata Waislamu wenyewe wanasema. Mtu ana kiu, ana maji, na hanywi. Maji hayo aliyabeba kwa ajili ya nani? Macho yake hayakuiacha ile chupa mpaka Kasongo.

Walifika kwenye lango la hopitali, adhana ya magharibi ikiita kutoka msikitini. Wauguzi wakamfungua Zéphirin, wakamwingiza. Heri akaketi chini palepale kwenye vumbi, akasema bismillahi, akaifungua chupa, akainywa yote, mpaka tone la mwisho. Marie-Louise alikuwa amesimama mbele yake. Aliendelea kusimama. Alingoja kuona kama ataanguka.

Heri akapangusa mdomo, akamtazama. "Nimekubakizia chupa," akasema.

Daktari naye alisema tansio, mshipa wa kichwani. Akauliza mgonjwa amepewa nini tangu aanguke. Hakuna, wakamwambia, hata maji. Akasema hilo limemwokoa, koo lake lilikuwa limelala, kitu chochote kingeingia kwenye mapafu, hasa zile dawa za kutapisha. Marie-Louise hakujisifu. Alijua kwamba mdomo ule aliufunga kwa sababu nyingine, na hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo hakulikusudia. Akamwonyesha daktari bakuli. Alipofungua jani harufu ikawatoa wagonjwa wawili nje. Wakamwambia atupe. Akautupa wali, bakuli akabaki nalo.

Zéphirin alikaa hapo mpaka mwezi mwingine ukaandama. Walimfundisha kumeza, kijiko kwa kijiko. Marie-Louise alipika mwenyewe katika ua wa hopitali, kati ya wanawake wengine wanaolinda wagonjwa wao, na alipokwenda kuchota maji aliibeba sufuria. Kutoka Wamaza habari zilifika kwamba Mama Heri hachoti tena maji kisimani pamoja na wengine. Mupunga wake uliobaki ulikuwa unaliwa na ndege. Watu walikuwa wanangoja tu.

Siku ya pili ya Idi, Mama Heri aliingia pale hopitali, ameletwa na Heri, na sufuria imefungwa kitambaa. Kuku na wali. Nadine, aliyekuwa amewafuata Kasongo, akasogea karibu na baba yake. Mama Heri hakusalimia. Aliketi mbele ya Marie-Louise, akafungua, akala. Hakuonja, alikula: tonge, tonge, nyama, mchuzi, mpaka wanawake wa vyumba vingine wakaja kuangalia. Kisha akaisogeza sufuria.

"Sasa kinywa changu kimefunguliwa," akasema. "Nimeonja?"

"Umekula upande wako," akasema Marie-Louise. "Upande huu bado."

Mama Heri akaigeuza sufuria, akala na upande ule. Machozi yalikuwa yanamshuka, na mkono haukusimama. Wala Marie-Louise hakunyoosha wake.

Ndipo Zéphirin, kwenye mkeka wake, akatoa sauti. Kwa siku kadhaa maneno yalikuwa yanamrudia, moja moja, mengi yao si yale anayoyatafuta. Akaunyoosha mkono mzima kuelekea kikapu cha shemeji yake.

"Bakuli," akasema. "Ya Mama Heri. Rudisha."

Marie-Louise akamwinamia. Hata yeye hakumwamini hivihivi. Akamwonyesha Mama Heri, akamuuliza huyu ni nani, akajibu. Akamuuliza mke wake aliitwa nani, akajibu, tena kwa hasira. Ndipo akamuuliza, polepole, siku ile shambani ilikuwaje, kwa nini hakuonja.

"Nilimukataza," akasema Zéphirin. Akapumzika. "Alikuwa amefunga. Ni mimi." Akapumzika tena, na ule upande wa mdomo uliokuwa mzima ukacheka. "Shemeji. Fungua gereza. Njaa."

Marie-Louise akachukua kijiko, akachota mchuzi wa Mama Heri, akaupoza kwa pumzi yake, akaupeleka mwenyewe kwenye mdomo wa shemeji yake, mbele ya wote.

Waliporudi Wamaza, Zéphirin na fimbo, Marie-Louise alimwambia Fabrice achukue kisu, akakate mupunga wa Mama Heri uliobaki, asirudi mpaka shamba liwe tupu. Fabrice akaanza kusema kitu, akamtazama, akaenda. Naye Marie-Louise akaosha bakuli la maua ya buluu kwa majivu, akalijaza karanga za kukaanga, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu, akavuka ua.

Alilitua mbele ya Mama Heri. Akachukua karanga, akatafuna polepole, akafungua mdomo uonekane.

"Acha, mama, hayo tumeyamaliza," akasema Mama Heri.

"Wewe umemaliza. Mimi ninaonja."

Akachukua nyingine, kutoka chini. Samahani haikutamkwa siku ile, wala haijatamkwa. Wakaketi wakala, wakamsema Fabrice, anavyokata mupunga kama anayenyoa mbuzi. Na kamba ya mgomba bado iko juu ya sufuria ya Marie-Louise, msidhani amebadilika. Ila lile fundo, siku hizi watu wawili wanajua kulifungua, na wa pili ni jirani yake.

Nimeandika. Sasa na wewe unayesoma, zamu yako. Sufuria yangu, ile ya mpini mmoja, ilitoka kwangu siku ya matanga na haijarudi. Ninamjua aliye nayo, ila ninataka aje kwa miguu yake. Kama si wewe, ingia jikoni mwako utazame, iko chombo cha mtu humo, kipeleke leo. Na kama ni wewe, ilete. Usiilete tupu. Na utakachoweka ndani utaonja kwanza, mbele yangu, nikitazama.